Mwacha Asili ni Mtumwa? Lugha na Nafsi katika Vitabu vya Wahindi Waliovuka Bahari

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa mwaka wa wanachama, waalimu na wanafunzi. Inachapishwa hapa kwa ombi la wasikilizaji.)



Kwanza sina budi kutoa shukrani. Nilipopokea barua ya Katibu ikinitaka niseme neno katika mkutano huu, nilidhani nitaambiwa nieleze habari za utumishi serikalini, maana hiyo ndiyo kazi yangu, na ndilo jambo ambalo watu wa umri wangu husema wakialikwa shuleni. Lakini Katibu aliacha mada mikononi mwangu. Nami nimeona nisiwachoshe kwa habari za majalada na vikao, bali niwaeleze juu ya vitabu kadhaa nilivyovisoma jioni baada ya kazi kwa muda wa miaka mingi. Ni vitabu vya waandishi wenye asili ya Bara Hindi ambao wazee wao walivuka bahari wakaenda kuishi nchi nyingine, ikiwemo hii yetu.

Huenda mtu akauliza, yatuhusu nini sisi? Nitajibu kwa kisa kilichotokea hapa hapa, kwenye lango la shule.

Tulipokuwa kidato cha pili, Jumapili moja ya kutembelewa na wazazi, mwenzetu mmoja wa darasani mwenye asili ya Kihindi alitembelewa na bibi yake. Bibi alimletea chapati na chupa ya achari. Wakasimama pale langoni wakizungumza Kikachi, naye mwenzetu alicheka na bibi yake kwa sauti bila kujali nani anasikia. Sisi tulikuwa tumekaa chini ya mti tukimwiga na kumzomea. Nilikuwa mmojawapo, na sauti yangu haikuwa ndogo kuliko za wengine.

Saa hiyo hiyo akaingia mama yangu. Alikuwa ametoka Lushoto alfajiri kwa basi, kabeba kikapu cha mapeasi kichwani. Aliponiona tu akaanza kunisalimu kwa Kisambaa, kama alivyonisalimu tangu nizaliwe. Nami nikamjibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti kubwa, ili wale waliokaa chini ya mti wasinicheke. Mama alinitazama kidogo, kisha naye akaendelea kwa Kiswahili. Hakusema neno juu ya jambo hilo siku ile, wala hajalisema mpaka leo.

Ndugu zangu, Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Siku ile kulikuwa na vijana wawili langoni. Mmoja aliitwa mgeni, naye alishika asili yake. Wa pili aliitwa mwenyeji, naye aliitupa. Mtumwa alikuwa nani? Swali hilo sikujiuliza wakati ule. Nilikuja kujiuliza nilipovisoma vitabu nitakavyowaeleza.

Yafaa kwanza nieleze kwa ufupi jinsi watu hawa walivyotawanyika. Uingereza ilipokomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1834, wenye mashamba ya miwa walitafuta watu wengine wa kufanya kazi ile ile. Wakawachukua kutoka India kwa mkataba, ambao aghalabu ulikuwa wa miaka mitano. Kuanzia mwaka 1834 hadi usafirishaji huo ulipokomeshwa mwaka 1917, watu zaidi ya milioni moja walipelekwa ng’ambo. Kisiwa cha Mauritius peke yake kilipokea kiasi cha watu 450,000. Trinidad ilipokea meli yake ya kwanza mwaka 1845, na Fiji mwaka 1879. Wengi hawakujua kusoma, mkataba waliuwekea alama ya kidole, na neno la Kiingereza lenye maana ya mapatano wao walilitamka “girmit.” Basi wakaitwa “girmitiya,” yaani watu wa girmit. Tazameni jambo hili: jina lao jipya lilikuwa neno la kigeni lililogeuzwa na ndimi zao wenyewe.

Neno la pili walilolipata safarini ni “jahaji,” na waliosafiri pamoja waliitana “jahaji bhai,” maana yake ndugu wa chombo kimoja. Mwenye kujua Kiswahili hahitaji kutafsiriwa neno hilo, kwa kuwa ni ndugu ya neno letu jahazi. Melini walichanganyika watu wa tabaka, dini na lugha mbalimbali ambao huko kwao wasingekula pamoja. Walipotelemka walikuwa tayari wameanza kuwa jamaa mpya, na jamaa mpya huhitaji lugha ya kuzungumza.

Sasa nije kwenye vitabu. Katika kusoma kwangu nimeona njia tatu ambazo waandishi wa jamaa hizi wamezifuata katika jambo la lugha.

Njia ya kwanza ni kuishika lugha ya wazee. Huko Mauritius alikuwako mwandishi Abhimanyu Unnuth, aliyezaliwa mwaka 1937 na kufariki mwaka 2018. Kisiwani mwake watu wengi huzungumza Krioli, na wasomi huandika kwa Kifaransa au Kiingereza. Yeye aliandika kwa Kihindi. Riwaya yake mashuhuri, Lal Pasina, iliyotoka mwaka 1977, inaeleza taabu za wale wafanyakazi wa mkataba katika mashamba ya miwa. Mtu aweza kumlaumu kwamba alijifungia wasomaji wa nyumbani. Lakini fikirini maana ya tendo lake. Wale wafanyakazi walihesabiwa kwa namba, wakaandikwa katika madaftari ya wenye mashamba kwa lugha ambayo hawakuielewa. Unnuth aliwaandikia daftari la pili, katika lugha ambayo wangeweza kusomewa wakaifahamu.

Njia ya pili ni kuichukua lugha iliyozaliwa ugenini, ile ambayo wasomi huiita mbovu, na kuiandika bila kuomba radhi. Bingwa wa njia hii ni Sam Selvon wa Trinidad, aliyezaliwa mwaka 1923. Riwaya yake ya kwanza, A Brighter Sun, ilitoka mwaka 1952. Inamhusu kijana wa Kihindi aitwaye Tiger, ambaye anaozwa angali na umri wa miaka kumi na sita, kisha anahamia na mkewe Urmilla mahali paitwapo Barataria, ambako majirani zao ni Joe na Rita, watu wenye asili ya Kiafrika. Jamaa zake hawaupendi ujirani huo. Lakini Urmilla anapopata uchungu wa uzazi, jirani Rita ndiye anayemhudumia. Tiger naye anajifunza kusoma, na anaishika kamusi kama mtu anayeshika jembe jipya, akidhani kwamba akiyajua maneno yote atajua pia yeye ni nani.

Selvon alihamia London mwaka 1950, na mwaka 1956 akatoa The Lonely Londoners, juu ya watu wa visiwa vile walioko Uingereza. Mwenyewe amesimulia kwamba alianza kukiandika kwa Kiingereza sanifu, na kitabu kikagoma kwenda. Alipoigeukia lahaja ya watu wa kwao, si katika mazungumzo tu bali hata katika sauti ya msimulizi, kazi ikamtoka kwa haraka. Hilo ni funzo kwa kila kijana anayeandika insha kwa maneno makubwa asiyoyatumia nyumbani.

Mwenzake wa njia hii ni Subramani wa Fiji. Huko Fiji lahaja mbalimbali za India Kaskazini zilichanganyika mashambani zikazaa Kihindi cha Fiji, ambacho kila mtu wa jamaa ile hukizungumza lakini shuleni hufundishwa Kihindi kingine, kile cha vitabuni. Mwaka 2001 Subramani alitoa Dauka Puraan, riwaya nene iliyoandikwa kwa lugha ile ya mashambani. Watu waliozoea kuambiwa kwamba wanazungumza vibaya waliona maneno yao wenyewe yamechapwa kitabuni. Tena kilitoka mwaka mmoja tu baada ya mapinduzi ya 2000, wakati wengi wa jamaa ile walipokuwa wakifunga mizigo kwenda Australia, New Zealand na kwingineko kwa kuona hawatakiwi.

Njia ya tatu ni kuandika kwa Kiingereza sanifu na kuionyesha humo humo ile hali ya kuvutwa huku na huku. Hapa yuko V. S. Naipaul, mzaliwa wa Trinidad mwaka 1932, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 na kufariki mwaka 2018. Wengi tumemkasirikia Naipaul kwa aliyoyaandika juu ya Afrika, na sijaja kumtetea kwa hayo. Lakini someni A House for Mr Biswas, cha mwaka 1961. Mohun Biswas ameoa katika ukoo mkubwa wa Tulsi, anaishi kwa fadhila za wakwe, na haja yake moja tu duniani ni nyumba yake mwenyewe. Katika kitabu hicho watu wanapozungumza Kihindi nyumbani, mwandishi hutuandikia Kiingereza kilichonyooka. Wanapozungumza Kiingereza, hutuandikia kile kilichopindapinda cha mitaani. Bila kutoa hotuba, anatuonyesha kwamba mtu yule yule aliye mnyoofu katika lugha ya mama huonekana kigugumizi katika lugha ya bwana. Nilipoisoma sehemu hiyo nilimkumbuka mama yangu langoni, jinsi Kiswahili chake kilivyomfanya aonekane mtu mdogo kuliko alivyo. Bwana Biswas anafariki ana umri wa miaka 46, ambao mimi nao naukaribia, akiwa na nyumba yenye kasoro na deni kubwa. Lakini ni yake.

Naipaul huyo huyo alikwenda India kwa mara ya kwanza mwaka 1962, na mwaka 1964 akatoa An Area of Darkness. Alitarajia kuikuta ile asili aliyosimuliwa utotoni. Alichokikuta ni kwamba yeye ni mgeni kule vilevile. Basi wale wanaowaambia watu “rudini kwenu” wakisome kitabu hicho, waone kwamba kuna watu ambao “kwenu” hiyo haiko tena mahali popote isipokuwa hapo walipo.

Ndugu zangu, sasa nirudi katika pwani yetu. Wahindi wa hapa hawakuja kwa njia moja. Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walifuata pepo za kaskazi kwa majahazi karne nyingi kabla ya reli. Kisha, kati ya 1896 na 1901, Waingereza waliwaleta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Kiasi cha 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliobaki walirudi makwao, na wapatao 6,700 wakakaa.

Mtu aliyeyaandika maisha yao kwa kina kuliko wote niliowasoma ni M. G. Vassanji. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, akasomea fizikia Marekani, na tangu 1978 anaishi Kanada. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, yaani gunia, ilitoka mwaka 1989. Kijana Salim Juma anarithi kutoka kwa bibi mmoja wa ukoo gunia kuukuu lililojaa vitu: madaftari ya duka, nguo, takataka za miaka mingi. Kila kitu anachokitoa kina hadithi yake, na hadithi inarudi hadi kwa baba wa babu yake, Dhanji Govindji, aliyekuja kutoka Gujarat kupitia Unguja. Huyo aliishi na mwanamke mtumwa aitwaye Bibi Taratibu, wakazaa mtoto, Huseni. Kwa hiyo Salim, anayeitwa Mhindi na kila anayemwona, ni kitukuu cha Mwafrika. Jambo hilo jamaa zake hawapendi kulitaja, lakini gunia linalitaja. Katika Kiingereza cha kitabu hicho maneno ya Kiswahili na ya Kihindi yametapakaa kama punje za mchele zilizovuja.

Yuko pia Peter Nazareth, mzaliwa wa Uganda mwenye asili ya Goa. Huyu namtaja kwa upendeleo kwa sababu alikuwa mtumishi wa serikali kama mimi, katika Wizara ya Fedha. Riwaya yake In a Brown Mantle, iliyotoka mwaka 1972, yaeleza juu ya mtu wa asili yake anayejitia katika siasa za nchi changa ya kubuni, mwishowe anaondoka. Tarehe 4 Agosti mwaka huo huo Idi Amin akatangaza kwamba Waasia watoke Uganda, na muda waliopewa ukawa siku 90. Mwaka uliofuata Nazareth naye aliondoka.

Hapa kwetu tulijaribu kwenda njia nyingine. Mwaka 1961, Bunge la Tanganyika lilipojadili muswada wa uraia, walikuwako waliotaka uraia upimwe kwa rangi. Mwalimu Nyerere aliwapinga kwa ukali. Lakini sheria ni jambo moja, na mioyo ya watu ni jambo jingine. Nilipokuwa kijana kazini, alikuja mezani kwangu bibi mmoja mwenye asili ya Kihindi akihitaji hati. Nikamwuliza kwa Kiingereza atokako. Akanijibu kwa Kiswahili safi cha pwani: “Mwanangu, natoka Chumbageni.” Nikaona hakunielewa, nikamwuliza tena, “Asili yako, bibi, ndiyo ninayoiulizia.” Akasema, “Asili? Mama yangu nimemzika Tanga, mume wangu nimemzika Tanga, na mtoto wangu mmoja. Andika hivyo kama karatasi yako ina nafasi.” Karatasi haikuwa na nafasi. Hati yake nilimpa, lakini jibu lile sijalisahau.

Maana kama lugha ndiyo kipimo, tuipime basi. Sisi tunaosema Wahindi hawakuchanganyika nasi, tunasema hivyo kwa kinywa gani? Neno pesa limetoka kwao. Gari limetoka kwao, na laki, na bima, na hundi, na cheti, na bepari pia, ingawa hilo tuliligeuza kuwa tusi. Mgombea wa Kiswahili asiyetaka la Mhindi hataweza kupanda gari wala kulipa nauli. Nao kwa upande wao, waliohama kutoka Afrika Mashariki kwenda Uingereza walichukua Kiswahili katika mizigo. Ukifika Leicester au Wembley, katika hoteli zao utauziwa “mogo,” ambao ni muhogo wetu, na “kuku paka” wa nazi. Na majumbani, katikati ya Kigujarati, bado utasikia kisu, fagio na sufuria. Hakuna aliyewalazimisha. Ni maneno waliyojifunzia jikoni kwa mama zao, na ya jikoni ndiyo ya mwisho kumtoka mtu.

Kwa hiyo methali yetu naikubali, lakini naomba tuisome vizuri. Mwacha asili ni mtumwa, ndiyo. Lakini vitabu hivi vimenifundisha kwamba asili ya mtu haiko katika nchi walikotoka mababu peke yake. Bibi wa Chumbageni asili yake ni Kikachi, na ni Kiswahili, na ni makaburi ya Tanga. Ukimnyang’anya mojawapo umempunguza. Mimi pia asili yangu ni Kiswahili na ni Kisambaa. Nilipokitupa kimoja langoni sikuwa Mtanzania zaidi, nilikuwa mtoto aliyemwaibisha mama yake.

Wadogo zangu, nawaomba mambo matatu, kisha nimalize.

La kwanza, msicheke lugha ya mtu. Anayezungumza na bibi yake anafanya jambo la heshima, liwe kwa Kikachi, Kimakonde au Kikurya.

La pili, ulizeni mkingali na wa kuwauliza. Kila nyumba ina gunia lake. Andikeni wanayoyasema wazee, kwa maneno yao hasa, msiyanyooshe.

La tatu ni kazi ya wale wenye kipaji cha lugha. Hivi vitabu vya jirani zetu wa pwani hii vimeandikwa kwa Kiingereza. Vinaeleza mitaa yetu, na muuza duka na mteja wake aliyemkopa sukari, lakini mteja yule hawezi kuvisoma. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Basi kazi ya namna hiyo yawezekana. Nimeleta nakala moja ya The Gunny Sack kwa ajili ya maktaba ya shule. Natumaini kati yenu yupo atakayeirudisha kwa Kiswahili, lugha ambayo nusu ya watu waliomo humo walikuwa wakiizungumza.

Nakala hiyo si yangu. Niliipokea miaka michache iliyopita kwa posta kutoka Kanada. Aliyeituma ni yule mwenzetu wa langoni, ambaye familia yake ilihama tulipomaliza kidato cha nne. Niliwahi kumwandikia kumwomba radhi kwa kicheko cha siku ile. Alinijibu kwa Kiswahili kwamba hakumbuki kicheko. Alichokikumbuka ni kwamba jioni ile nilimpa peasi mbili kutoka katika kikapu cha mama yangu, na akauliza kama mama hajambo.

Mama hajambo. Juma lililopita nilimpigia simu Lushoto, nikamsalimu kwa Kisambaa. Kilinitoka kwa kigugumizi. Alicheka sana, kisha akanisahihisha.